Benchi Fupi Mbele ya Dispensari

Mtu akiniambia Ntongai aliuawa na msumari, mimi huweka birika chini kwanza. Msumari gani? Misumari ya ubao ule ule ilimchoma pia Ekidor, mtoto wa dada yangu, siku ile ile, ndani ya lori lile lile. Na Ekidor mpaka leo anakuja kwangu kula nyama na kulalamika ni ngumu. Basi tuache msumari. Wacha niseme ilivyokuwa, na asiyetaka kusikia aende akakae mbali, maana wengine wa kamati ile ya dispensari bado wako hai na bado wanaitwa waheshimiwa.

Ilikuwa 1984, mwaka wa kiangazi, mwaka wa mahindi ya manjano. Mnayakumbuka? Tuliyala huku tunayachukia. Malori yaliyapeleka mpaka Sericho, na yakirudi yalibeba ng'ombe waliobaki, ngozi na mifupa, kwenda kuuzwa juu huko penye baridi. Hapa Isiolo vijana walipanga foleni tangu asubuhi wapate kupakia magunia. Hawakulipwa wakishapakia. Walilipwa lori likirudi, na lori lilirudi likitaka.

Kibanda changu cha chai kilikuwa njia ya kwenda Chechelesi, kikitazamana na dispensari. Dispensari hiyo tuliijenga wenyewe kwa harambee. Ntongai, akiwa bado mdogo wa kukimbia uchi, alibeba kokoto kwa kiondo cha mama yake mpaka kamba ikakatika. Ekidor alichota maji ya saruji. Mimi nilipikia mafundi. Siku ya kufungua, mkuu mmoja alikata utepe akashukuru wafadhili.

Jengo likaisha, kamati ikaita mkutano ndani ya kanisa. Mwenyekiti akasoma masharti. Watoto ni bure. Wanafunzi ni bure. Mwenye mshahara ana kadi yake ya mfuko wa hospitali. Wengine wote ni watu wazima, pesa dirishani kwanza, dawa baadaye.

Nikasimama. Mimi sikuingia darasa hata moja. Nilijifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia mandazi, ndiyo maana wakaniita Mama Gazeti, na jina langu la Akaale likasahaulika.

"Na vijana?" nikauliza.

"Vijana gani tena, Mama Gazeti?"

"Hawa waliobeba mawe ya huu ukuta. Shule wametoka, mshahara hawana. Wakiugua wataingia kwa mlango gani?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti akavua miwani, akatabasamu kama mtu anayeongea na mbuzi.

"Kijana ni mtoto ama ni mtu mzima. Achague."

Wakacheka, wakapiga makofi. Sikieni vizuri: wazazi wa vijana hao ndio waliopiga makofi. Nilibaki nimesimama, nikitafuta ni nini kinachochekesha.

Halafu wakatengeneza benchi. Mbao zilizobaki hazikutosha benchi la kawaida, kwa hiyo fundi akalifanya fupi, la chini, la miguu ya watoto. Wakalipaka rangi ya manjano na kuliweka kwenye baraza, linatazama barabara. Isaac, karani wa dirisha, hakuuliza mtu umri, kwani nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Kama huna kipande, yaani kitambulisho, na umekaa kwenye benchi fupi, wewe ni mtoto, utaitwa, utatibiwa. Ukisimama dirishani, wewe ni mtu mzima, toa pesa. Ilikuwa rahisi hivyo.

Ekidor alikuwa na ndevu tayari. Lakini kipande alikuwa bado ananyimwa. Kila akienda ofisini aliambiwa arudi na cha baba yake, na baba yake alikuwa kaburini hata kabla ya hiyo ofisi kujengwa. Serikali haikuwa imekubali kwamba Ekidor amekuwa mkubwa. Yeye hakujali. Akipata homa anakaa kwenye benchi fupi, magoti kwenye kidevu, anachekesha watoto mpaka aitwe.

Ntongai alikuwa Mmeru, mtoto wa Gaceri aliyeuza vitunguu vya Rapsu pale sokoni. Miaka yake labda kumi na sita. Baba yake alikufa zamani, akalelewa na mjomba wake Kiugu, mwenye miraa. Tangu utoto yeye na Ekidor walikula sahani moja kwangu. Lakini Agosti ya mwaka huo Ntongai alitahiriwa.

Sisi Waturkana hatuna kisu hicho. Alama yetu iko mdomoni. Mtoto akiwa mdogo anatolewa meno mawili ya mbele, ya chini. Mimi sina, Ekidor hana. Wenzetu mjini hutucheka, wanasema tunaongea kama tunapiga mluzi. Nyanya yangu alisema kuna ugonjwa unaofunga taya, na pengo hilo ndipo maziwa yanapopita. Nikiwa msichana niliona ni hadithi ya kunyamazisha mtoto anayelia.

Wao Wameru wana yao. Kijana akishapashwa tohara, hakai tena na watoto, mama yake hamwiti tena mtoto, na akionekana akifanya ya kitoto, wenzake watamwita mwiji, yaani yule ambaye bado hajatahiriwa, na hilo kwao ni tusi la kumfanya mtu ahame mji. Siku ya karamu yake nilikuwepo. Kiugu alimvisha kofia yake mwenyewe mbele ya watu wote akamwambia, "Kuanzia leo wewe ni mwanaume. Usiniombe tena hata ya chumvi." Watu wakashangilia. Gaceri alilia kwa furaha. Ntongai alisimama wima na kofia iliyomfunika masikio.

Sasa ile siku. Lori la Abshir, aliyeliendesha mwenyewe, lilikuwa limetoka kupeleka ng'ombe na kinyesi hakikufagiwa. Wakapakia mahindi juu yake. Ubao wa sakafu ukavunjika, misumari ikasimama, Ekidor akachomwa kisigino na Ntongai akachomwa katikati ya wayo, mpaka ndani. Wakavuka barabara wakichechemea, wameshikana mabega, wanatukanana nani ni mzito.

Ekidor akaketi kwenye benchi fupi, kati ya mtoto wa surua na mwingine anayeharisha.

"Njoo, bwana. Nafasi iko."

Upande wangu wa barabara walikuwa vijana wa miraa, wale waliotahiriwa pamoja na Ntongai, wanakunywa chai yangu kwa mkopo. Mmoja akapaza sauti, "Ekidor! Umenyonya leo?"

"Nimenyonya nikakubakishia!"

Tukacheka wote. Ntongai peke yake hakucheka. Alisimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo.

"Kaa, Ntongai. Ni sindano moja tu, Sista atatudunga wote wawili."

"Mimi si wa hapo."

"Kwani matako yako yalibadilishwa Agosti?"

"Wewe huwezi kujua. Wewe bado mwiji."

"Mwiji mwenye ndevu!" Ekidor akainua kidevu. "Tazama. Zako ziko wapi? Ama zilikatwa pamoja?"

Hapo vijana wa miraa walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Na nadhani hapo ndipo ilipokwisha. Ntongai aliiachilia nguzo akaenda dirishani, anakanyaga kwa mguu ule mbovu makusudi, kama mtu ambaye hana kitu.

Isaac hakuinua kichwa. "Mtoto ama mtu mzima?"

"Mtu mzima."

"Lete pesa."

"Nitalipwa lori ikirudi Sericho."

"Basi na mguu urudi na lori." Isaac akacheka mzaha wake mwenyewe. Kisha akamwangalia, akaona damu kwenye sandali ya tairi. "Ama ukae pale. Mimi sina neno. Kaa tu pale nikuite."

Ntongai alitazama benchi. Akatazama ng'ambo, kwa wenzake. Mimi nikapiga kelele kutoka kibandani, "Ntongai! Kaa chini! Ama njoo nikupe hizi pesa za unga!"

"Mama Gazeti, chai yako inafurika," akaniambia, kwa heshima, akavua kofia kidogo. Kisha akashuka ngazi akaenda zake. Akaomba mafuta ya taa kwa dereva, akamwagia kidonda, akapanda juu ya magunia. Lori likaondoka kwenda Sericho. Ekidor aliitwa ndani, Sista Karimi, muuguzi wetu, akamwosha kisigino kwa dawa, akamdunga sindano ya pepopunda na kumwambia aache kutisha watoto wa watu.

Lori lilichelewa. Lilivunjika springi kwenye mchanga, tukasikia, wakakaa huko wakingoja nyingine. Sikuwa na wasiwasi. Nani angekuwa na wasiwasi kwa ajili ya msumari?

Liliporudi ilikuwa mchana, jua kali. Ntongai alishuka polepole, shingo imekauka kama mtu aliyelala vibaya. Alikuwa na malipo yake ameyakunja mkononi. Akaja moja kwa moja kibandani, na alikuwa anacheka.

"Wee! Mtu wa Sericho amerudi na furaha," nikasema. "Unacheka nini?"

Hakujibu. Akaendelea kucheka. Vijana wa miraa nao wakaanza kucheka, maana kicheko kinaambukiza. "Umeoa Msericho? Sema basi!" Nikampa chai na andazi. Akainua andazi likafika mdomoni, likagonga meno likasimama hapo. Meno yalikuwa yamefungwa. Midomo imevutwa kando, nyusi zimepanda, na macho, Mungu wangu, macho hayakuwa yanacheka hata kidogo. Macho yalikuwa yananiomba.

Nilidondosha kijiko kwenye sufuria. Kwa ile sauti tu ya kijiko, mwili wake wote ukakakamaa, mgongo ukapinda nyuma kama upinde, akaanguka kati ya mabenchi yangu na kofia ya Kiugu ikabingirika barabarani.

Hakuna aliyecheka tena.

Ekidor alimbeba mgongoni. Pale dispensari hakusimama dirishani, lakini Isaac kwa mazoea akasema, "Mtoto ama mtu mzima?" Nawaambia alisema hivyo, nilisikia kwa masikio haya. Na Ntongai, hawezi kufungua mdomo, akanyoosha mkono uliokuwa umekunja pesa, akaziweka dirishani. Isaac akazipokea. Akaandika risiti! Akairarua vizuri kwa kufuata mstari, akampa.

Sista Karimi alitoka, akamwangalia uso mara moja tu, na rangi yake ikabadilika.

"Alichomwa na nini? Lini?"

Ekidor akamwambia. Msumari. Siku ile ile yake.

"Siku ile nilikuwa hapa. Sindano zilikuwa kwa friji, mpaka sasa ziko. Ningemwosha, ningemdunga, imekwisha." Akashika mlango. "Kwa nini hakuja?"

"Alikuja," nikasema.

"Sikumwona."

"Alikuja, Sista. Alisimama hapa."

Akageuka kumtazama Isaac. Isaac akatazama benchi, kama kwamba benchi ndilo litajibu. Sista akasema ugonjwa ukishafika taya, dawa yake haiko kwetu, iko hospitali kubwa, juu, na sindano zake zile sasa hazimrudishi. Gari la wagonjwa halikuwepo, lilikuwa limepelekwa kugawa mahindi. Akasema apelekwe haraka, tena asiguswe, asipigiwe kelele, maana kelele itamvunja mgongo. Haraka, na kwa kimya, kwa barabara ya Isiolo! Nilitaka kucheka na kulia.

Gaceri alifika mbio na mikono ya vitunguu. Akapiga magoti. Hakumgusa, alikuwa ameambiwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mtoto wangu."

Kiugu alikuwa nyuma yake. Nikaona mdomo wake ukifunguka kumkemea dadake, kwa kuwa neno hilo halisemwi tena. Halafu akaona ule uso unaocheka. Akafunga mdomo.

"Kwa nini hakuniambia?" akauliza. "Ningelipa mimi. Ni pesa gani hiyo? Ningelipa!"

"Ulimwambia asikuombe hata ya chumvi," Gaceri akasema. Hakumgeukia hata.

Tulipokuwa tunamngojea Abshir ashushe ng'ombe, Ntongai aliashiria maji. Kiu ya Sericho ilikuwa bado shingoni mwake. Ekidor akaleta kikombe, akajaribu. Maji yakateremka kidevuni. Meno yake Ntongai yalikuwa mazuri, meupe, yote yapo, yamepangana bila nafasi. Ekidor akapitisha ulimi kwenye pengo lake mwenyewe, nikamwona. Nikajua anachofikiria kabla hajasema.

"Mama mdogo, nipe kisu. Nimtoe jino moja tu."

"Wewe una wazimu?" Kiugu akamshika mkono.

"Maji yapite! Kwetu maji yangepita!"

"Usimguse," Sista akasema. "Ukimgusa utamwua. Hata maji yatamsakama."

Ekidor akakaa chini na kikombe chake. Nyanya yangu hakuwahi kuona dispensari maisha yake yote. Watu wake wa jangwani, wasio na saruji wala kamati, walifikiria siku hii, wakamwachia kila mtoto mlango mdogo mdomoni. Na hawakumwambia mtoto achague. Sisi wa mjini tukajenga nyumba nzima ya mawe, na ndani yake friji, na ndani ya friji dawa.

Abshir alitandika magunia matupu. Hakudai nauli, nimpe haki yake. Akaendesha polepole kama amebeba mayai. Gaceri na Ekidor walipanda naye, Kiugu akakaa mbele.

Hawakufika. Ekidor alirudi kesho yake akaniambia kuwa ni pale mlima wa Subuiga, baridi inapoanzia, lori la bia lilipiga honi likiwapita. Honi moja tu.

"Mama mdogo," akasema, "alikuwa anacheka mpaka mwisho. Nilikuwa namwambia, acha, acha sasa."

Baada ya mazishi nilingoja kamati ije. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga kwa hasira siku hizo zote. Lakini mtu wa kwanza kufika dispensari alikuwa Kiugu. Asubuhi, barabara imejaa watu wa soko. Mzee mzima, koti lake, kofia ile ile ameipangusa vumbi. Alipanda ngazi, akapita dirisha, akaenda akaketi kwenye benchi fupi. Magoti yakamfika kifuani. Mtoto mmoja akamsogelea akamshika kofia, naye akamwachia.

Vijana wa miraa wakashusha vikombe. Hakuna aliyethubutu kumwita mwiji. Isaac akachungulia dirishani.

"Mzee, wewe ni mgonjwa?"

"Nimechagua," Kiugu akasema.

"Mzee, hapo ni pa watoto."

"Nimesema nimechagua. Niite."

Ekidor akaweka kikombe, akavuka barabara, akaketi kando yake. Kisha mmoja wa wale waliotahiriwa na Ntongai, yule yule aliyeuliza habari ya kunyonya, akavuka naye. Halafu mwingine. Benchi likajaa, wakakaa kwenye ngazi, wanaume wenye misuli ya kubeba magunia, wametazama barabara na nyuso wazi, kila mpita njia awaone. Mimi nilifunga kibanda nikaenda nao. Sista Karimi alikuja mlangoni akasema, "Isaac, waite." Siku hiyo alidunga kila kijana sindano ya pepopunda, hakuna aliyelipa, mpaka chupa zikaisha.

Nilidhani tumeshinda. Mimi, pamoja na magazeti yangu yote, nilidhani hivyo.

Kamati ilikutana upesi kuliko ilivyowahi kukutana. Asubuhi yake nikafungua kibanda, nikawasha moto, nikainua macho. Baraza lilikuwa tupu. Masharti yalikuwa bado yamebandikwa dirishani, kila neno mahali pake. Walichoondoa ni benchi. Alama nne za miguu yake zilikuwa kwenye saruji, na rangi ya manjano kidogo ukutani pale lilipokuwa likisugua.

Kina mama wenye watoto walikuwa wamesimama, hawajui waende wapi. Isaac alikuwa anawaambia, "Mimi sijui, mimi sijui, ulizeni kamati."

Kiugu akaja saa yake ile ile. Alisimama akatazama zile alama nne. Akavua kofia. Akakaa chini, kwenye saruji, katikati ya alama hizo, akamwambia Isaac amwite.